Dirii ya Vettidius

Bwana wangu Vettidius alinenepa majira ya baridi, na dirii ya shaba hainenepi. Ilifuliwa alipokuwa kijana: kifua cha mwanamiereka, tumbo la misuli, hadi kitovu kimechongwa. Ni vipande viwili, cha mbele na cha mgongoni, vinavyofungwa ubavuni kwa pete na kanda za ngozi. Asubuhi ya ibada ya kulitakasa jeshi, vilikataa kukutana.

"Vuta tumbo, bwana."

"Nimeshavuta."

"Sasa hili hapa la nani?"

"Hilarus, ulimi huo utakuponza. Kaza!"

Nikamwomba avae deraya ya minyororo, ile inayofuata mwili. Akanitolea macho. "Nisimame mbele ya jemadari nimevaa kama askari wa kawaida? Mimi?"

Basi nikarefusha ukanda wa kulia, nikaficha mwanya kwa mshipi wake wa cheo, nikashusha joho juu yake. Alikuwa ameniahidi mbele ya maofisa wenzake kwamba ibada ikiisha salama atanivika kofia ya uhuru, nisiwe mtumwa tena. Lakini kitu kikianguka au mtu akipiga kelele wakati wa sala, ibada imeharibika, wanyama wengine wa kafara watafutwe, ianze upya. Na mtumwa aliyefunga dirii ataenda migodini. Hilo hakulisema kwa utani.

Uwanjani nguruwe, kondoo na fahali walitembezwa kulizunguka jeshi zima. Nilisimama nyuma ya bwana, nikiangalia ubavu ule tu. Jemadari akajifunika kichwa, akaanza sala. Watu kimya. Aliyeruhusiwa kutoa sauti ni mpiga zumari peke yake, ili zumari ifunike kila sauti ya mkosi. Mpiga zumari huyo alikuwa mzee mwenye pumzi fupi. Kila alipokata, na roho yangu ilikatika.

Maofisa wakainua mikono kula kiapo. Nikasikia ngozi ikilia, kisha ta! Ukanda umekatika. Mshipi ukaanza kuteleza.

Nikaingiza mkono chini ya joho, nikabana vipande vyote viwili. Bwana akivuta pumzi, shaba inafunguka. Akiishusha, inaniuma vidole. Na kiapo ni kirefu. Nilitafuna mdomo wangu nisilie.

Ibada ilipoisha, tukaingia chumbani kwake.

"Nani alikuruhusu kunishika mbele ya jeshi?"

"Hakuna, bwana. Dirii ingeanguka."

Akatazama vidole vyangu, akatazama damu kwenye mshipi.

"Umenisitiri, Hilarus."

"Na kofia, bwana?"

"Mwakani." Akanipiga bega kirafiki. "Nikikuacha huru leo, mwakani nani atanishika?"

Nikageukia ubavu wa kushoto, nikaanza kumfungua kwa mkono uliobaki mzima. Ukanda wa huko nao ulikuwa umeanza kuchanika.

Sikumwambia.