Mpishi Aliyeachwa Nje ya Chombo

Jumamosi ya sehemu ya mwisho, Bibi Hulda alichemsha viazi sufuria mbili, kwa sababu nusu ya majirani zake pale mtaa wa Ramadhani walikuwa wamejaa sebuleni. Tamthilia ya watu waishio angani ilikuwa imekatishwa kabla haijafika inakokwenda, na mtafsiri aliyeitia sauti ya Kiswahili alikwisha kutangaza kwamba baada ya hii hakuna nyingine. Baridi ya Julai ilianza kushuka. Rebeka, mke wa marehemu mwanawe Hulda, alichochea mkaa.

Mwishoni nahodha alifunga mlango wa chombo cha angani akamwacha mpishi nje. Mpishi huyo, ambaye mtafsiri alimwita Fidelia, aliingia chomboni kwa kuolewa na rubani, na rubani alikwisha kufa. Nahodha alisema hewa haitoshi, na chombo ni cha waliozaliwa ndani yake. Kisha majina ya waigizaji yakapanda kwenye kioo.

Nahumu, mwana mkubwa wa Hulda, alipiga makofi.

"Huyo ndiye mwanaume! Chombo kina wenyewe."

"Ee, Nahumu!" akasema jirani yao Modesta. "Mtu amewapikia miaka yote, leo ndiyo hewa imekwisha? Wametuharibia tamthilia."

"Si alikuja tu? Arudi kwao."

Wengine walimuunga mkono Nahumu, wengine wakasonya. Rebeka alikusanya sahani. Mumewe, Elius, alizikwa mwezi wa nne. Hawakujaliwa mtoto, na kesho yake baada ya ibada ukoo ungekaa kuamua kama atabaki katika nyumba waliyoijenga wawili au atarudishwa Wanging'ombe kwa baba yake.

Mlango ukagongwa. Modesta alifungua, akaingia Fidelia, nguo zake zina rangi ya fedha na nyusi zimeganda barafu.

"Kamwene," aliwasalimu kienyeji.

Wakaitikia. Rebeka alimvua viatu, akamfunika miguu kwa kitenge, akampa kiazi cha moto akishike kwanza kabla ya kukila.

Watu walikuwa na maswali. Je, huko juu parachichi huzaa? Fidelia alisema huzaa vizuri, ila hayajui yaangukie upande gani. Je, Jumapili huijuaje? Walikubaliana tu. Modesta alitaka kujua nahodha ni mtu wa namna gani ukikaa naye karibu.

"Mpole," alisema Fidelia. "Anapenda uji. Alilia alipofunga mlango, ila hamkuonyeshwa."

"Na sasa unataka nini?" aliuliza Nahumu.

"Jiko langu. Nilikuwa nimeinjika maharage."

Nahumu alitazama barafu ikiyeyuka kwenye nyusi za Fidelia, akamsogezea jiko la mkaa.

Kesho yake usharikani, mwinjilisti alimtambulisha Fidelia pamoja na wageni waliotoka Makambako. Alisimama, akapigiwa makofi, akakaa. Nje, kwenye mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka, Nahumu alishindania sweta zito mpaka wenzake wakashindwa, akamvika Fidelia kwa mikono yake.

"Dada, walikutendea vibaya," alisema, machozi yakimlengalenga. "Jana nilisema ovyo. Sikuwa nimekuona."

Kisha ukoo ukakaa nyumbani kwa Hulda. Fidelia alipewa kiti na soda. Nahumu alieleza kwa upole kwamba Elius ametangulia, mtoto hakuna, na nyumba ni ya ukoo.

"Huyu Rebeka alimwogesha mwanangu mpaka siku ya mwisho," alisema Hulda.

Wazee walisema ni kweli kabisa, wakamshukuru sana Rebeka. Halafu wakakubaliana aondoke kabla ya mvua za kupandia.

Fidelia aliinua mkono. "Hewa haitoshi?" aliuliza. Alitaka kujua tu.

"Hapana, mgeni wetu," Nahumu alimjibu kwa subira. "Haya ni mambo ya kwetu, ni marefu."

Rebeka hakwenda Wanging'ombe. Hulda alimpa sufuria zake zote nzuri, akabaki na moja iliyotoboka, na Rebeka na Fidelia wakafungua mgahawa Makambako, karibu na stendi. Maharage yao yanasifiwa. Siku nyingine sufuria huinuka kidogo juu ya moto, na mteja aliye karibu huishusha kwa kijiko.

Katika nyumba ya Elius, Nahumu hutunza mbao zake za kuuza. Akizipeleka sokoni, husimamisha lori Makambako, akaingia kunywa chai. Humuuliza Fidelia kama baridi imemtoka mifupani, na kama yule nahodha amewahi kuomba radhi.

"Hajaomba."

"Watu wengine hawana utu," husema Nahumu, akitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. Kisha husogeza kikombe, na Rebeka humwongezea chai.