Mzeituni Uliolishwa Barafu

Haya nitakayosema ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Kama nimetia chumvi hata punje moja, basi mimi Odyek, sajini mstaafu wa polisi, nisionje tena mboga ya malakwang maisha yangu yote. Mke wangu Filda anasema nimeapa hivyo mara nyingi na bado nakula. Msimsikilize.

Nina mzeituni nyumbani kwangu hapa Kansanga, Kampala, nyuma ya jiko. Ule mti wa kwenye Biblia na Kurani, si mwingine. Nilipoupanda niliwaambia majirani kwamba niliung'oa kwa mkono wangu Yerusalemu, nilikopelekwa kumlinda askofu mmoja, nikaja nao ndani ya buti la kulia, nikiumwagilia chai ya kwenye ndege. Wote waliitikia. Wote isipokuwa Hajati Hajara, wa ng'ambo ya michongoma.

Huyu mama alikuwa mjane, ameuza vitambaa soko la Kikuubo tangu ujana wake. Babu zake walikuja na misafara kutoka pwani, na akifungua kinywa kusema Kiswahili, sisi wa Kiswahili cha kambini tulijiona kama tunatafuna mawe. Aliuchungulia mche wangu, akanichungulia na mimi.

"Afande, kumbe huko Yerusalemu nako wanatumia mifuko ya yule mama muuza miche wa hapo kwenye kona?"

Sikuwa nimeuondoa ule mfuko mweusi. Nikamwambia buti lilitoboka Nairobi, ikabidi niuhamishe. Alicheka mpaka akashika kiuno. Hivyo ndivyo tulivyoishi: mimi nasema, yeye ananikamata.

Kisha Iman akaenda Jordan.

Iman alikuwa kitindamimba wa Hajati. Alikwenda kufanya kazi za ndani kwa watu wenye shamba la mizeituni, na msimu wa kuvuna ulipofika walimtoa jikoni wakampandisha ngazi. Kila jioni alimpigia mama yake simu wakaongea habari za shamba, nami upande wangu nikisikia vicheko tu.

Siku moja waliopiga simu ni waajiri wake, si Iman. Walisema ameteleza kwenye ngazi. Walisema wameshamzika, kwa heshima zote. Kilichofika Entebbe ni begi lenye zipu mbovu, na nusu ya nguo zilizokuwamo hazikuwa zake.

Hajati hakulia mbele za watu. Ila alianza kusimama michongomani kila asubuhi akiutazama mti wangu. Halafu ini lake likavimba, madaktari wakamrudisha nyumbani, ikawa mwanawe Zuhair ndiye anayemtoa nje na kumketisha kitini.

"Odyek," akaniambia. Hakusema Afande. "Mti huu utazaa lini?"

"Mwaka huu huu."

"Nataka kushika tunda lake. Moja tu. Mwanangu alikufa akiyachuma, nami hata kuligusa sijawahi."

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Hajati, mti usipozaa macho yako yakiwa wazi, kaburi lako nitalichimba mimi. Peke yangu, kwa magoti haya haya."

"Zuhair, umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nilikwenda kwa yule mama wa miche. Akatikisa kichwa. "Mzee, mti huo unataka baridi ndiyo utoe maua. Hapa Kampala utakupa majani mpaka ufe."

"Ufe nani? Mti au mimi?"

"Atakayetangulia."

Baridi tu? Nikashuka Ggaba, kando ya ziwa, kwa wauza samaki, nikarudi na bodaboda imebeba magunia ya barafu, nikaizungushia mizizi. Haki ya Mungu, ilishika baridi hata kuku wa Filda wakataga mayai yaliyokwisha kuganda, na mjusi mmoja nilimkuta amejifunika soksi yangu. Maua hayakuja. Walikuja paka. Barafu ile ilinuka sato, basi paka wote wa Kansanga wakakaa chini ya mti wakitazama juu, kama vile na wao wanangoja uzae.

Hajati aliwaona kutoka kitini kwake. Akacheka kidogo, kisha akashika ubavu na hakuendelea. Macho yake yalikuwa yamegeuka manjano, miguu imejaa maji. Zuhair akanivuta pembeni.

"Afande, kama kuna la kufanya, lifanye wiki hii."

Lilikuwapo. Nilikwenda supamaketi nikanunua chupa ya zeituni za kijani. Nilichagua zile zenye tundu katikati, kwa sababu uzi ungepita vizuri. Alfajiri nikazifunga matawini, mojamoja, Filda amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Baba Adong, unamfanyia nini mgonjwa?"

"Namfurahisha."

"Unajifurahisha wewe." Akaingia ndani, na siku hiyo sikupikiwa chai.

Jua lilipochomoza Zuhair alimleta mama yake, akamketisha karibu na mti. Hajati aliziona. Akainuka. Mtu aliyekuwa akigeuzwa kitandani kama mtoto aliinuka mwenyewe, akapiga hatua, akachuma moja kwa mkono wake. Uzi ulikatika bila sauti. Akaifumbata kwa viganja viwili, akaiweka kifuani, midomo ikimtembea. Nikajua nimeshinda.

Kisha akaitia kinywani.

Akatafuna. Akaacha. Niliuona ulimi ukizunguka ndani ya shavu, ukitafuta kitu.

"Kokwa iko wapi?"

"Aina hii ya Uganda haina kokwa, Hajati. Mbegu ya kisasa."

"Na chumvi?"

"Ni ile barafu. Ya samaki, si unajua."

"Ziwa la Ggaba lina chumvi tangu lini, Odyek?"

 

Aliitema kiganjani akaitazama. "Iman aliniambia. Ikitoka mtini haitafuniki, ni chungu mpaka ulimi unakufa ganzi. Mpaka ilowekwe kwenye maji ya chumvi wiki na wiki ndipo iliwe. Mimi niliutaka ule uchungu. Nilitaka kuonja alichoonja mwanangu. Wewe umenipa cha dukani."

Zuhair alimdaka kabla hajaanguka. Alipokuwa akiketishwa alisema, bila hasira, na afadhali angenitukana: "Zuhair. Afande atachimba. Asisaidiwe."

Hakuifikia Ijumaa.

Makaburini walikuja wanaume wengi na majembe yao, wafanyabiashara wa Kikuubo, kanzu zimekunjwa hadi magotini. Zuhair akawazuia wote. Sheikh Abdunoor akasema mgonjwa aliyasema hayo akiwa na akili zake, basi na yafuatwe, ila mzee afanye haraka, maiti hacheleweshwi. Nikaingia kazini.

Nilianza na hadithi ili watu wachangamke. Nikawaambia kwamba zamani kikosini nilichimba handaki kutoka Gulu mpaka Sudan kwa kijiko cha chai. Hakuna aliyeitikia, wala aliyebisha. Aliyezoea kunikamata alikuwa msikitini, ndani ya sanda.

Basi nikachimba. Udongo mwekundu ukaisha, ikaja changarawe. Viganja vikapasuka, mpini ukawa unateleza. Goti la kushoto likakataa, nikachimba nimepiga magoti, kisha nikasimama tena kwa sababu huwezi kurusha udongo juu ukiwa umepiga magoti. Kijana mmoja alitaka kushuka, Zuhair akamshika bega. Nilimtazama Zuhair kutoka kule chini. Hakuwa na uso wa mtu anayelipiza. Alikuwa na uso wa mtu anayetimiza alichotumwa na mama yake.

"Afande, umefika?"

"Nimefika. Kimo cha kifua kabisa."

Akaishusha fimbo ya kupimia mpaka ikagusa chini. Akatazama alama.

"Hujafika."

Nikaliokota jembe.