Mizizi ya Mkwamba

Tangu hedhi yake ikome, Mwanamkuu alikuwa haoni raha. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi utosini, jasho likalowesha kanga, na usingizi ukamkimbia. Dawa aliijua tangu kwa marehemu mama yake: mizizi ya mkwamba, ichemshwe, inywewe asubuhi na jioni. Lakini mikwamba ya karibu ilikwisha kung'olewa kupisha mihogo. Iliyobaki ilikuwa ndani ya msitu ambao Serikali ya Waingereza iliuzungushia mawe ya mpaka na kusema ni wake. Wake tangu lini? Mwanamkuu aliuliza, hakujibiwa, akachukua jembe akaenda.

Alipokuwa akitoka na furushi kichwani, akakutana na walinzi wawili wa msitu. Mmoja, Zahoro, alikuwa mgeni aliyehamishiwa Kisarawe mwezi ule. Wa pili alikuwa Twalibu, mume wa binti yake. Twalibu alifanya kama alivyolelewa: akatoka njiani, akageukia vichakani, akaamkia huku amempa mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe."

Zahoro hakuwa na mkwe pale. "Tua mzigo, mama. Twalibu, fungua."

Twalibu hakusogea. Kupekua mzigo wa mama mkwe, afadhali aache kazi. Zahoro akafungua mwenyewe. "Mizizi hii ya nini?"

Mwanamkuu aliona aibu, tena kubwa, kwa kuwa mkwewe alikuwa akisikia. Kisha joto likampanda pale pale, na hasira nayo ikapanda. Aibu ya nini? Kwani ameiba?

"Damu yangu imekatika," alisema, bila kupunguza sauti. "Naungua mwili mzima. Hiyo ndiyo dawa yangu."

Zahoro aliinamisha kichwa, lakini akashikilia lake. "Basi twende bomani ukamweleze Bwana Misitu. Akikupa kibali, chukua."

"Twende." Mwanamkuu alifunga furushi, akajitwika. "Nitamweleza yote, la damu na la jasho. Ila Kiingereza sijui. Mkalimani wake si huyu mkwe wangu?"

Kule vichakani Twalibu akasema kwa sauti ya kuomba, "Zahoro, ndugu yangu, mwache apite."

Mwanamkuu hakutaka kuachwa apite kama mwizi aliyehurumiwa. Alikuwa ameshashika njia ya bomani.

"Njoo, mkwe," alisema. "Tembea nyuma, usinitazame, kama ilivyo desturi. Mimi nahitaji masikio yako tu, na ulimi."