Wembe Ndani ya Kibeti

Dada yangu Kafedha alifariki Jumanne alfajiri, na kufikia adhuhuri sisi wanawake wa nyumba tulikuwa mochari tukimwosha. Alikuwa amelala wodini kwa muda mrefu bila nguvu za kujishughulikia, na ndevu zilikuwa zimemwota. Si vinyweleo. Ndevu, kutoka chini ya sikio hadi kidevuni.

Mimi nilijua. Wengine walimjua Kafedha kwa leso aliyojifunga mpaka kidevuni hata jua likiwaka, wakadhani ni ulokole.

Shangazi Mweri, dada wa baba, akaweka kata chini. "Mwanangu hazikwi hivi. Nani ana wembe?"

Mkono wangu ulitangulia akili. Nilifungua kibeti nikatoa wembe, nimeuviringisha kwa karatasi ya sabuni. Ndipo nikaona wote wameacha kumtazama maiti, wananitazama mimi. Shangazi aliupokea, kisha akakitazama kidevu changu, polepole.

"Dhahabu, waja kuosha maiti na wembe kibetini?"

"Abee, shangazi."

"Nakuuliza, wewe waniitikia."

Mmoja nyuma akakohoa kuficha kicheko. Nilitamani nilale mimi pale juu ya saruji, Kafedha ainuke aende zake.

Tulipotoka kuzika, Shangazi aliniita nyuma ya jiko akiwa anamenya mihogo.

"Damu zako je?"

"Sijaziona tangu mwaka jana."

"Mumeo ajua?"

"Adhani ni ile sindano ya kupanga uzazi."

"Na Kafedha?"

"Yeye miaka mingi, shangazi."

Kisu kikasimama. "Nami nikimnywesha mizizi. Nikimwambia ana mashetani ya tumbo."

Nikamweleza aliyonieleza Sista Roseline, muuguzi wa kliniki, wakati Kafedha angali hai. Kwamba ugonjwa huu huitwa PCOS. Homoni huvurugika, mayai hayapevuki, hubaki kama vifuko vidogo ndani ya ovari, na nywele huota mahali pa wanaume, kama kidevuni. Kwamba hutembea katika ukoo, dada kwa dada. Chanzo chake watafiti bado hawajakijua sawasawa, na dawa ya kuuondoa kabisa hawajaipata, ingawa viko vidonge vya kurudisha damu na kulinda tumbo la uzazi. Damu isipoonekana miaka, ukuta wa tumbo hilo huweza kuwa mnene, na kwa wengine hugeuka saratani. Kwa Kafedha uligeuka.

"Tafiti zipo nyingi," Sista aliniambia, "lakini nyingi ni za wanawake wa nchi za mbali. Wenu wa huku tunawajua wachache, kwa sababu wajificha." Akaniomba niingie katika utafiti wao, wanatafuta ndugu wa wagonjwa. "Ila ukija, Alhamisi yoyote, usiwe umenyoa. Tunaangalia nywele zilipoota: kidevu, kifua, tumbo."

Nilimwambia nitafikiri. Nilipotoka nilipitia dukani nikanunua wembe mpya. Ndio ule uliomnyoa Kafedha.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. "Usinyoe? Uende na ndevu, wakuangalie?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi wakuangalie. Mimi nimeshamwangalia mmoja."

Kwetu matanga yakivunjwa, ndugu wa karibu hunyolewa. Tulipangwa uani juu ya mkeka, majirani wa mtaa wetu wa Bofu wamejaa hadi mlangoni. Kidevu changu kilikuwa hakijaguswa tangu mazishi, nimekifunika kwa leso kama alivyofanya marehemu. Zamu yangu ilipofika Shangazi alinivua leso. Uso ulinichoma, nikakodolea macho beseni la maji.

Alinyoa utosi, akanyoa kisogo, akashuka hadi sikioni. Hapo wembe ukasimama.

"Malizia, shangazi," nikanong'ona. "Watu wanaona."

"Na waone. Hapa pana wenyewe, wanapangojea kliniki Alhamisi." Akaupangusa wembe kwa kanga yake. "Haya, mwingine."

Mume wangu alikuwa mlangoni na wanaume wenzake. Usiku wa siku hiyo aliniuliza, nikamwambia yote. Akageukia ukutani.

Leo ni Jumatano. Kidevu kinawasha. Kliniki hufunguliwa saa mbili asubuhi, na Shangazi amesema atanipitia.