Kazi Iliyoziba Mlango wa Mashine

Wanafunzi walimpachika jina la Mama Foleni, naye hakuudhika, maana neno hilo lilimtoka kinywani mara nyingi kuliko salamu. Alikuwa fundi wa chumba cha mashine pale chuoni. Kazi yake nyingine, ambayo haikumwongezea hata kijiko cha sukari, ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza na wahadhiri wao namna ya kutumia kompyuta arobaini zilizounganishwa, zikapiga hesabu kubwa kama mtu mmoja mwenye vichwa arobaini.

Somo lenyewe halikuwa gumu. "Hii ya mbele," aliwaambia, akigonga boksi jeusi kwa kifundo cha kidole, "ni mlango. Mlangoni hatupiki. Unaingia, unaiandikia kazi yako maombi, unaipanga foleni, unakwenda zako. Wapishi ni hizi arobaini za nyuma. Ukiinjika sufuria mlangoni, wenzio watapita wapi?"

Wanafunzi walicheka, wakaelewa. Wahadhiri walipopangiwa darasa lao Jumatatu walisaini daftari la mahudhurio, wakanywa chai, halafu kila mmoja akakumbuka ana kikao. Wa kwanza kukumbuka alikuwa profesa wa fizikia, na profesa huyo ni kaka mkubwa wa mume wa Mama Foleni.

"Shemeji," alisema akipangusa makombo kwenye tai, "mimi nimeshika kompyuta wewe bado unaruka kamba. Wafundishe hao watoto."

"Hiyo uliyoshika shemeji ilikuwa chumba kimoja, jiko humo humo. Hii ni nyumba nyingine."

"Haya, mwalimu wangu!" Akacheka mpaka kitambi kikatikisika, huyo akaenda.

Alhamisi saa mbili asubuhi mlango ukakutwa umeziba.

Aliyegundua kwanza alikuwa msichana wa mwaka wa tatu waliyemwita Sauti, kwa kejeli, kwa kuwa hakuwa nayo. Alikuwa amepiga hesabu za mto unaofurika: mvua ikinyesha kiasi hiki, maji yatafika mtaa gani, saa ngapi. Kazi yake ilisubiri foleni siku mbili, ikaendeshwa, ikaisha salama, na majibu yalikuwa humo ndani. Ilibidi ayatoe, ayakague, ayachoree ramani na kuyatuma kabla ya saa sita mchana kwa kituo cha utafiti wa maji, kilichokuwa na nafasi moja tu ya mafunzo. Aliandika nywila yake. Skrini ikamkodolea macho.

"Mama, haifunguki."

"Subiri kidogo, mwanangu."

Mama Foleni alivaa sweta lake la kijivu lililotoboka kiwiko, akaingia kwenye chumba cha baridi, akachomeka kibodi moja kwa moja kwenye mashine ya mlangoni. Herufi zilijitokeza moja moja kama meno ya mtoto. Mwisho orodha ya kazi zinazoendeshwa ikaja, na toka juu mpaka chini ilikuwa na jina moja. La shemeji yake. Alikuwa ameianzisha kazi yake pale pale mlangoni tangu jana jioni, ikanyoosha miguu kizingiti kizima, na nyuma yake mashine arobaini zimelala usingizi wa pono.

Kanuni ilibandikwa ukutani, na sahihi ya mkuu wa kitivo ilikuwa chini yake: kazi ikikutwa mlangoni isimamishwe papo hapo, na mwenyewe afungiwe mpaka asome darasa zima upya. Mwezi uliopita alimsimamishia mwanafunzi mmoja kabla hajamaliza kupiga chafya. Leo kidole kiligoma. Huyu ndiye mkubwa wa nyumba aliyoolewa, na neno lake ndilo linalofunga mjadala.

Akampigia simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Akaandika ujumbe huku akiutamka: "Samahani sana shemeji, naomba uisimamishe kazi yako." Kimya. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Sauti alikaa pembeni yake kwenye kiti cha plastiki, mikono katikati ya magoti, akiitazama saa ya ukutani bila kupepesa.

Saa tano na nusu kilichokuja kilikuwa barua. Mkuu wa kitivo aliandika kwamba wanafunzi wa shahada ya kwanza wamekwamisha mashine, hivyo wafungiwe wote. Mama Foleni aliichapa ile orodha, akapanda ngazi mpaka kwa mkuu na sweta lake, jua kali vile.

Ofisini aliwakuta wawili, mkuu na shemeji yake, wamestarehe.

"Watoto wale," profesa alikuwa akisema, "ukiwapa kijiko wanataka chungu."

"Mwenye chungu ni wewe, shemeji." Aliweka karatasi ya orodha mezani. "Soma. Jina la mtoto liko wapi hapo?"

Profesa alisoma. Akakohoa. "Basi iache, imebakisha saa tatu tu."

"Saa tatu kwa sababu umeipikia mlangoni! Ungeipeleka nyuma ingekuwa imeiva jana kabla hujavua viatu! Umesaini kuwa umesoma. Ulisoma nini, birika?"

"Mama, taratibu," mkuu aliingilia. "Tufunike kombe mwanaharamu apite. Profesa ni mtu mzima, na wewe ni mtu wa nyumbani kwake."

"Mwanaharamu wako anayepita ni yule binti aliyekaa pale chini? Kanuni umeisaini wewe. Barua hii mimi siitekelezi. Nimfungie nani, kwa kosa lipi?"

"Shemeji," profesa alisema, sasa bila kicheko, "mimi kaka mtu nitamwambia nini mumeo?"

"Mwambie ulivyosaini."

Alishuka ngazi mbili mbili, magoti yakilalamika. Aliingia moja kwa moja kwenye chumba cha baridi. Akaisimamisha kazi ile kwa mstari mmoja wa maneno, na mlango ukapumua.

"Ingia, mwanangu!"

Ilikuwa saa sita kasorobo. Sauti aliingia, akayatoa majibu. Ramani asingewahi kuichora, wala kukagua hakuna. Alituma tarakimu tupu, safu juu ya safu, kama mtu anayetuma unga kwa walioomba mkate. Zilikwenda zikiwa zimebaki dakika nne.

Halafu akageuza kiti. Macho yake yalikuwa makavu, mekundu.

"Mama, aliyeziba mlango ulimjua saa ngapi?"

Mama Foleni alianza kukunja mkono wa sweta. "Asubuhi."

"Saa mbili?"

"Saa mbili."

"Ningekuwa mimi niliyekaa mlangoni," Sauti alisema, na sauti hiyo ilisikika mpaka koridoni, "ungenipigia simu? Ungeniandikia samahani sana? Karibu saa nne nzima! Ramani naichora kwa saa moja. Foleni, foleni, kila siku foleni, kumbe foleni ni yetu sisi tu!"

Mezani simu ya Mama Foleni ilikuwa ikitetemeka. Ni mume wake. Aliiacha itetemeke. Alirudi kwenye kibodi, akaliandika jina la shemeji yake herufi kwa herufi, akamfungia.

"Umechelewa," Sauti alisema, akabeba mkoba wake akatoka.