Mzuka wa Jumamosi

Ukitaka kunikasirisha, nipe kitabu cha mizuka kinachoanza na radi. Radi, popo, mlango unaolia kwiii, na msichana anayeshuka ghalani peke yake ilhali watu wazima wote wamemkataza. Kitabu hicho nakifunga palepale. Hadithi za kutisha nimezisoma tangu niko shule, na msimamo wangu ni mmoja: mzuka usio na haja ni upepo tu. Marehemu harudi ili kunyoosha miguu. Anarudi kwa sababu kuna kitu anakitaka, na msomaji mwenye akili hukitafuta kitu hicho kabla mwandishi hajakitaja.

Kazi nayo imenizidishia ugonjwa. Nauza dawa, na kutwa nzima watu wazima na ndevu zao wananitazama machoni wakinidanganya. Huyu cheti cha daktari kakiandika mwenyewe, yule anaapa kwamba kikohozi si chake, ni cha jirani. Kwa hiyo vitu vya marehemu Baba vilipoanza kujisogeza, sikupiga mayowe. Nilijiuliza nani anafaidika.

Baba alituachia nyumba mimi na kaka yangu, Mama akiendelea kuishi humo. Bila sahihi yangu haiuzwi. Kaka ni seremala, na tunamwita Msumeno kwa sababu ukibishana naye anakata akienda na akirudi. Alikuwa amepata mnunuzi, na nyuma ya nyumba yake alishajenga chumba cha Mama. Mimi nikakataa katakata. Mama hatoki kwake, nilisema, na kitu cha Baba hakiguswi; kiti, kikombe, pazia, vyote vibaki kama alivyoviacha. Nilimpenda baba yangu kupita kiasi, sioni haya kusema. Nikiingia mle nikakiona kiti chake, ndipo napumua.

Kila Jumamosi mchana nilikwenda kumsomea Mama, maana mtoto wa jicho alishamnyima maandishi. Hadithi zangu alizisikiliza akimenya machungwa, na kwa kila kitabu alikuwa na swali moja tu: "Mbona hawahami?" Nikimweleza kwamba wakihama hadithi inakwisha, anajibu, "Na iishe."

Jumamosi ya kwanza kiti cha Baba kilikuwa kimegeuzwa, kinatazama ukuta. Iliyofuata, redio yake ilikuwa inasoma habari peke yake chumbani. Ya tatu, nilikuta brashi yake ya kunyolea bafuni, ina povu.

"Mimi sijui, mwanangu," Mama alisema. "Labda baba yenu hapapendi tena hapa."

Niliinusa ile brashi. Sabuni mbichi kabisa! Kwa kweli nilisikitika kama msomaji, maana ilikuwa kazi mbovu. Mzuka wa maana hauendi kununua sabuni. Huu ulikuwa na mikono, tena ulikuja Jumamosi tu, siku ambayo mimi nipo. Nani ana ufunguo wa nyumba? Kaka. Nani angependa ionekane ina mkosi ili mimi nilegee? Kaka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Siku hiyo hata kusoma nilisoma kwa hasira. Ilikuwa hadithi ya nahodha aliyekufa, ambaye kila akija kwa mkewe anafunga fundo kwenye pazia ili mke ajue kwamba alikuwepo.

"Fundo la namna gani?" Mama aliuliza.

"Mwandishi hakusema. Mvivu."

Jumatatu nilimfuata Kaka karakana. Alikuwa anapiga randa mlango, maranda yamemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Acha kumtisha Mama," nilimwambia.

"Shikamoo yangu iko wapi? Namtisha na nini?"

Nikamweleza: kiti, redio, povu. Alicheka mpaka akaweka randa chini.

"Mdogo wangu, vitabu vitakumaliza. Mama mwenyewe ndiye anayetaka kuhama. Kile chumba aliniomba yeye."

"Mbona mimi hajaniambia?"

"Si umuulize?"

"Siulizi mtu. Nachunguza."

Eti Mama ndiye anayetaka! Ndivyo wasemavyo wote. Katika kila hadithi ya nyumba kubwa yupo ndugu mpole mwenye mnunuzi mfukoni, naye humsemea mjane. Basi nikamtegea. "Unakumbuka," nikamwambia, "Baba alivyokuwa akilaza miwani yake ndani ya kiatu?" Baba hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja. Kaka alisema hakumbuki, lakini aliniangalia kwa muda mrefu, nami nikauweka moyoni ule mtazamo.

Wifi yangu, mkewe Kaka, nilimkuta nje anaanika nguo. Yeye nilimpa uongo wa kwake, kwamba Baba alikuwa akikifunika kikombe kifudifudi juu ya sahani kila akimaliza chai. Mzuka wenye mikono una masikio pia. Jumamosi ukileta miwani, ni Kaka. Ukifunika kikombe, ni Wifi. Wiki nzima niliuza dawa huku najipongeza.

Jumamosi ilipofika nilimsalimu Mama haraka haraka nikaingia chumbani kwa Baba. Viatu vilikuwa vitupu. Kikombe kilikuwa kimesimama kama kawaida. Nilikaribia kuudhika, nikiona mzuka umenisusia, ndipo nikainua macho dirishani.

Pazia lilikuwa limefungwa fundo.

Kwanza nilimtafutia Kaka njia. Labda alikisoma kile kitabu? Lakini kitabu kilikuwa kwenye mkoba wangu wiki nzima, na Kaka tangu amalize shule hajasoma kitu kirefu kuliko futi ya kupimia. Wifi je? Sikumsimulia. Hadithi ya nahodha niliisoma mara moja tu, kwa mtu mmoja. Nikalisogelea lile fundo. Lilizungushwa mara mbili, ncha zikafichwa ndani, vilevile Mama alivyokuwa akinifungia kamba za viatu vya shule asubuhi ili zisifunguke njiani. Nikakaa kitandani kwa Baba. Hasira ilinipanda, kisha ikashuka, na kilichobaki kilikuwa aibu.

Mama alikuwa sebuleni, mikono mapajani.

"Umeliona?" aliuliza.

"Nimeliona."

"Halikuwa zuri? Nilipapasa tu."

"Mama, kwa nini?"

Alitafuta mkono wangu akaupata.

"Nilikwambia nataka kuhama siku tuliyotoka mazikoni. Ukasema ni majonzi, yatapita. Nikakwambia tena ulipoleta mito mipya ya viti, ukasema kaka yako amenijaza maneno. Nyumba ni kubwa, mwanangu. Najigonga. Kutwa nafuta viti ambavyo hakuna anayevikalia, na nikisogeza kikombe unauliza nani kakigusa. Kule kwa kaka yako watoto wanagombania rimoti tangu asubuhi. Nataka kelele."

"Ungenikazania, Mama."

"Nikukazanie wewe?" Alicheka kidogo, bila ubaya. "Nilichoka. Nikamtuma baba yako. Yeye ulikuwa ukimsikiliza."

Nimesoma vitabu vingi vinavyodai kwamba msomaji atasisimka mwili mzima, na kila mara nilisonya nikafungua ukurasa unaofuata. Pale sebuleni sikuwa na ukurasa wa kufungua. Nililia, na Mama akawa ananipigapiga mgongoni kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa na yeye amekuja kunipa pole.

"Utatia sahihi?" aliniuliza nilipotulia.

"Nitatia."

"Lini?"

"Kesho. Leo hii, ukitaka."

"Leo," alisema.

Nikampigia Kaka. Nilimwambia aje na karatasi za mnunuzi na gari la mizigo. Alinisubiri niseme nilichokosea, nami nikakisema, kwa sauti ndogo, na yeye kwa mara ya kwanza maishani mwake hakubisha. Akauliza tu kama aje na Wifi amsaidie Mama kufungasha.

"Usimsumbue," nilisema, "nitamsaidia mimi."

Niliingia chumbani kwa Mama, nikafungua kabati. Mlikuwa na magauni mawili tu ya kushindia. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, limejaa na kufungwa kwa kamba. Nilipolivuta, kidole changu kiliacha mstari kwenye vumbi la miezi lililolifunika. Katika nyumba ile yote, hapo tu ndipo Mama hakuwa amepafuta.