Safari ya Damu kwa Kinanda

Binti yake ndiye aliyemwekea muziki kwenye simu. "Huu hauna maneno, mama. Wenye maneno utaimba wewe, kitabu kijisome chenyewe."

Hakumwonea. Mama huyu alikuwa amefagia wodi miaka kumi na mmoja, na hakuna wimbo uliopita dirishani asiuitikie. Sasa alikuwa akisomea usaidizi wa uuguzi. Mtihani ulishamwangusha mara mbili, na ya tatu ndiyo ya mwisho. Akianguka tena, basi, ni ufagio mpaka astaafu.

Kila mapumziko ya mchana alijifungia stoo ya mashuka, akachomeka visikilizio, akafungua ukurasa wa moyo. Kinanda kilianza polepole, macho yakamlegea. Hakulala, msimsingizie. Aliingia. Moyo una vyumba vinne, na kama kuna kitu anachokijua ni vyumba: akaingia cha juu kulia pamoja na damu iliyochoka, wakateremka cha chini, mlango ukajifunga taratibu nyuma yao, wakaenda mapafuni kupunga hewa. Kinanda kikipanda, naye anapanda. Kengele ya kazi ilipolia, alirudi duniani shingo upande.

Kosa lake lilikuwa hilo. Hakuwahi kusoma hata siku moja pakiwa kimya.

Siku ya mtihani wa mdomo, watahini watatu walimkazia macho. "Tueleze safari ya damu ndani ya moyo."

Chumba kimya, hata nzi hakuna. Mama akafungua kinywa, kichwa kitupu, cheupe pe.

"Samahani, wakubwa zangu," akasema. "Naomba niimbe kidogo. Wimbo wenyewe hauna maneno."

Wawili wakacheka. Mkuu wa wauguzi, mwanamke asiye na mchezo, akasema, "Imba."

Akafumba macho, akaanza kuimba midomo imefungwa, akiukatiza wimbo tu ili akitaje kila chumba kwa jina lake la kitabuni. Mkono ukainuka wenyewe ukaonyesha hewani: juu kulia, chini kulia, mlango. Alipofika mapafuni, watahini walikuwa wameweka kalamu chini.

"Inatosha, mama," mkuu akasema kwa upole. "Umefaulu. Nenda ukapumzike."

Machozi yakamtiririka, lakini hakunyanyuka.

"Nivumilieni kidogo," akasema. "Damu bado iko mapafuni. Siwezi kuiacha njiani."

Na akaendelea.